SIHA YA FAMILIA: Moyo Unaopapatika na Kiharusi Kinachoweza Kuzuilika



Wapenzi wasomaji, juma hili naomba niwatoe Pwani kidogo niwapeleke Nairobi, katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Ni wachache miongoni mwetu wasio na ndugu katika mitaa kama ile. Kijana akikosa kazi Malindi au Kisauni hupanda basi la usiku, na baada ya siku chache huwa amepanga chumba cha mabati karibu na Eneo la Viwanda, chumba ambacho upana wake ni hatua chache tu. Mke humfuata, watoto huzaliwa, na sisi tuliobaki nyumbani huwaona wakati wa Idi, wakijaaliwa nafasi ya kuja.

Mwezi uliopita nilikwenda huko kumzuru mke wa mtoto wa ndugu yangu. Ana umri wa miaka 38. Kwa muda mrefu alikuwa akipika mahamri na mbaazi alfajiri, akiwauzia wafanyakazi wanaoelekea viwandani. Mwaka jana, asubuhi moja baada ya Sala ya Alfajiri, mwiko ulimponyoka. Alipotaka kuuokota, mkono wa kulia haukumtii. Alipotaka kumwita binti yake, maneno yalimtoka yamevurugika, na binti akadhani mama yake anafanya mzaha. Kilikuwa kiharusi.

Nilimkuta ameketi mlangoni, akichambua mchele kwa mkono wa kushoto. Alhamdulillah, anatembea na anazungumza, ila ulimi bado ni mzito, na mkono wa kulia haujarudi kuwa kama ulivyokuwa. Tulizungumza mengi siku ile, lakini kauli yake moja ndiyo iliyonifanya niandike haya. "Shangazi," aliniambia, "watu wanasema nilikataa dawa. Sikukataa. Dawa ilinishinda."

Maana kiharusi kile hakikumjia bila taarifa. Miaka miwili kabla yake aliambiwa hospitalini kwamba moyo wake unapapatika, na kwamba damu yaweza kuganda ndani ya moyo huo na kwenda kuziba mishipa ya ubongo. Akapewa dawa ya kuzuia jambo hilo. Aliimeza kwa miezi saba, kisha akaiacha. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya kila aliyepewa dawa ya namna hiyo, na zaidi kwa ajili ya wale wanaoishi naye nyumba moja.

Moyo kupapatika ni nini?

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Katika hali ya siha, vyumba vya juu hubana kwanza na kuteremsha damu, kisha vya chini hubana na kuisukuma mwilini. Mpango huo huendeshwa na umeme mdogo unaozaliwa ndani ya moyo wenyewe. Umeme ukivurugika, vyumba vya juu huacha kubana kwa pamoja, vikawa vinatetemeka ovyo mfano wa bawa la ndege aliyenaswa. Hali hiyo ndiyo mpapatiko wa moyo.

Mgonjwa huenda akahisi moyo unadunda bila mpango, pumzi zinakatika, mwili umelegea. Wengine hawahisi lolote. Lakini hatari kubwa haimo katika mdundo wenyewe. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama, na damu iliyotuama huganda, hasa katika kifuko kidogo kilichoko ubavuni mwa chumba cha juu cha kushoto. Donge likichomoka humo huchukuliwa na mkondo wa damu, na mara nyingi huishia kwenye ubongo. Huko huziba mshipa, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikitegemea mshipa ule huanza kufa katika dakika chache. Mwenye moyo unaopapatika ana hatari ya kupatwa na kiharusi takriban mara tano kuliko asiye na maradhi hayo, na kiharusi cha asili hii huwa kikali kuliko vingine vingi.

Kwa nini mwanamke kijana?

Swali hili niliulizwa na mama mkwe wake, ambaye maisha yake yote amekijua kiharusi kuwa ni maradhi ya wazee. Ni kweli kwamba mpapatiko wa moyo huongezeka kadiri umri unavyoongezeka, na kwamba shinikizo la damu ndilo mama wa mengi. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana shinikizo la damu lililopanda, na kwamba zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kwa hiyo mzee wa nyumba asiyepimwa shinikizo asidhani kwamba habari hii haimhusu.

Lakini katika nchi zetu kuna njia ya pili, nayo huanzia utotoni. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya bakteria waitwao streptokokasi, ambao huenea upesi mahali ambapo watu wengi hulala chumba kimoja. Koo hupona, lakini kinga ya mwili iliyoamka kupambana na bakteria hao huweza kugeuka ikashambulia viungo na moyo. Magoti na vifundo vya miguu huvimba, homa hupanda, kisha mambo hutulia na kusahaulika. Mashambulizi hayo yakirudi mara kwa mara, vali za moyo huingia makovu, zikakakamaa na kubana. Miaka mingi baadaye, chumba cha juu kinacholazimika kupitisha damu kwenye vali iliyobanwa hutanuka, na hapo mpapatiko huanza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mkwe wetu. Mama yake mzazi anakumbuka vizuri magoti yaliyovimba alipokuwa darasa la tatu. Walimkanda kwa mafuta ya nazi, akapona, na jambo likapita.

Hayuko peke yake. Watafiti waliowafuatilia wagonjwa wa mpapatiko katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, walikuta kwamba wagonjwa waliokuwa na vali zilizoharibika walikuwa na umri wa wastani wa takriban miaka 37, ilhali wale ambao vali zao hazikuwa na tatizo hilo walikaribia miaka 70. Miaka 37 ni umri wa mama mwenye watoto shuleni, na pengine mwenye mtoto mgongoni.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ya kiharusi hiki ni koo la mtoto. Mtoto mwenye maumivu ya koo pamoja na homa apelekwe kwenye zahanati, na akipewa penisilini amalize dozi. Akiwa na viungo vilivyovimba pamoja na homa, apimwe moyo. Utafiti mkubwa uliofanywa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2022, uliwachukua watoto ambao madhara ya vali zao yalikuwa machanga. Waliodungwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, chini ya mmoja katika kila 100 ndiye ambaye hali yake iliharibika zaidi. Wasiodungwa walikuwa karibu wanane katika kila 100.

Sasa turudi kwa yule ambaye moyo wake tayari unapapatika. Nilimwuliza mkwe wetu ni nini hasa kilichoishinda dawa. Akanitajia mambo matatu, nami nimeona niyajibu kwa mpango wake.

La kwanza: "Waliniambia ni sumu ya panya"

Dawa aliyopewa ni warfarini. Jirani mmoja alimwambia kwamba hiyo ndiyo sumu inayouzwa mabarabarani kuulia panya, na kwamba hospitali inawafanyia majaribio maskini. Kuanzia siku ile kila kidonge kilimkwama kooni.

Tusimlaumu sana jirani, kwa kuwa maneno yake yana chembe ya ukweli. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na Marekani waliokula majani makavu yaliyovunda walikuwa wakitokwa na damu mpaka kufa. Mwanakemia Karl Link na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, waliitafuta sababu mpaka wakaipata, na kutokana na uvumbuzi wao ikatengenezwa warfarini, ambayo mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya. Baadaye matabibu waliona kwamba kitu kinachozuia damu kuganda, kikitolewa kwa kiasi kidogo kilichopimwa, chaweza kumlinda mtu ambaye damu yake inaganda pasipofaa. Mwaka 1954 iliruhusiwa kutumiwa kama dawa ya binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipewa dawa hiyohiyo baada ya kupatwa na shambulio la moyo. Basi huo si mzaha waliobuniwa maskini wa Mukuru. Tofauti ya sumu na dawa hapa ni kipimo.

Na faida yake si ndogo. Kwa mwenye moyo unaopapatika, warfarini inayotumiwa sawasawa hupunguza viharusi kwa karibu theluthi mbili. Asprini, ambayo wengi huinunua dukani wakidhani inatosha "kulainisha damu", hupunguza kwa takriban sehemu moja tu katika tano, na bado yaweza kutoa damu tumboni. Asprini si badala ya dawa hii.

Zipo pia dawa mpya zaidi, kama vile apiksabani, rivaroksabani na dabigatrani, ambazo mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa za lazima. Hazihitaji kupimwa damu mara kwa mara kama warfarini, nazo huwafaa wengi, hususan wazee ambao chanzo cha mpapatiko wao ni shinikizo la damu. Lakini hazimfai kila mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, uliwapima wenye mpapatiko uliotokana na homa ile ya utotoni, na ukaona kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini waliishi zaidi kuliko waliopewa rivaroksabani. Kwa mwenye vali iliyobana sana, au mwenye vali ya chuma, warfarini ndiyo dawa yake hadi leo. Kwa hiyo ndugu aliye Muscat au Dubai akituma vidonge vya kisasa kwa huruma, visimezwe mpaka daktari anayejua hali ya vali ameviona.

La pili: "Niliona damu"

Mwezi wa saba, akipiga mswaki, ufizi ulitoka damu. Hedhi nayo ikazidi. Akaogopa, akaacha dawa, na hakumwambia mtu. Hapa ndipo familia nyingi hupotea, na hofu yenyewe si ya kipuuzi. Dawa inayozuia donge kuganda huzuia pia jeraha kufunga upesi. Dawa hii ina hatari yake, na mgonjwa ana haki ya kuijua.

Ufizi unaotoka damu kidogo, au alama ya bluu mkononi, ni ujumbe kwamba kipimo cha damu kinahitajika mapema. Hedhi iliyozidi ni jambo la kumweleza daktari waziwazi, bila haya, kwa kuwa inatibika, na upungufu wa damu unaofuata nao unatibika. Wala mama asiyeweza kulisema mbele ya daktari mwanamume asinyamaze. Amwombe muuguzi mwanamke amsemee. Zipo dalili zisizongoja kipimo wala kesho: choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, damu ya pua isiyokatika, maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, au kuanguka na kujigonga kichwa hata kama mtu anajiona mzima. Hayo ni ya hospitali saa ileile.

Mara nyingi damu hutoka kwa sababu ya kitu kingine kilichoongezwa juu ya warfarini. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa kama peremende katika maduka ya mitaani, ni hatari kwake. Akiumwa na kichwa au mgongo, parasetamoli kwa kiasi cha kawaida ndiyo salama zaidi. Metronidazoli na kotrimoksazoli, anazopewa mtu kwa tumbo au kikohozi, huipandisha nguvu warfarini kwa siku chache tu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha. Kila mahali anapokwenda kutibiwa, neno lake la kwanza liwe: "Ninatumia dawa ya kuzuia damu kuganda."

Nawaomba wasomaji wetu wawe makini pia na tiba zetu wenyewe. Anayetumia dawa hizi asifanyiwe hijama kabla ya kushauriana na daktari wake, na mpigaji hijama aambiwe kabla hajashika wembe. Habasoda, tangawizi na kitunguu saumu katika chakula cha kawaida havina neno. Kuvinywa kwa wingi kama dawa, kila siku, ni jambo la kumweleza daktari kwanza.

La tatu: "Nauli"

Hili alilisema kwa sauti ya chini. Warfarini hutaka kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho kwa wagonjwa wengi wa mpapatiko hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kikiwa chini ya hapo, kinga ni dhaifu. Kikipita juu, damu yaweza kutoka. Mwanzoni hupimwa mara kwa mara, kisha kila baada ya wiki kadhaa. Kila safari ni nauli, ni foleni tangu asubuhi, na ni siku moja bila mahamri ya kuuza. Aliwahi kusimama kituoni na pesa mkononi, akahesabu, akarudi kununua unga.

Sina jibu jepesi la hili, na sitaki kulifunika kwa mawaidha. Najua tu kwamba mzigo huu unapungua ukibebwa na wengi. Eldoret, hospitali ile niliyoitaja ilianzisha mwaka 2008 kliniki ya dawa hizi inayosimamiwa na wafamasia, na wagonjwa wanaotoka mbali hufuatiliwa kwa mpango. Uliza katika hospitali yako kama kuna kliniki kama hiyo. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kila mtu wa nyumba ajiandikishe kabla hajaugua, na aulize ni vipimo gani vinavyolipiwa. Na vikundi vyetu vya akina mama, ambavyo hukusanya fedha za harusi na za matanga, vyaweza kutenga nauli ya mgonjwa mmoja mara moja kwa mwezi. Nauli hiyo ni ndogo kuliko gharama ya matanga.

Chakula nacho kina sehemu yake. Sukuma wiki, mchicha, kisamvu na majani ya kunde yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu za warfarini. Wengine huambiwa waache mboga kabisa. Mukuru, mtu akiacha sukuma wiki atakula nini? Mgonjwa ale mboga zake kwa kiasi kinachokaribiana kila juma, ili daktari apange dozi kulingana na mlo huo. Kinachodhuru ni kutokula kabisa juma hili na kujaza sahani juma lijalo. Kidonge kimezwe saa ileile kila siku. Akisahau na akakumbuka siku hiyohiyo, akimeze. Siku ikipita, aache kilichopita na aendelee. Asimeze viwili kwa pamoja.

Daftari la vipimo na dawa vitiwe katika mfuko wa plastiki na vitundikwe juu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipopita kando ya Mto Ngong, waliopoteza vitanda walipoteza na kadi za hospitali.

Mimba na Ramadhani

Mambo mawili yanawahusu wasomaji wetu kwa namna ya pekee. La kwanza ni mimba. Warfarini yaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati ambapo mama wengi ndiyo kwanza wanajishuku. Kwa hiyo mwanamke anayetumia dawa hii, na mumewe, wazungumze na daktari kabla ya kutafuta mimba. Na akichelewa siku zake, apimwe mara moja. Asiache dawa kwa siri, kwa kuwa mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda. Mara nyingi hubadilishiwa sindano za heparini kwa muda. Na hapa nisiwafiche: heparini hutokana na utumbo wa nguruwe. Kanuni ya dharura katika sheria yetu inajulikana, lakini moyo wa mama hutulia akisikia kutoka kwa mwanachuoni anayemwamini. Muulizeni shekhe na daktari mapema, msingoje mpaka sindano iko mezani. Baada ya kujifungua, mama anayetumia warfarini anaweza kunyonyesha. Dawa mpya nilizozitaja hazishauriwi kwa mwenye mimba wala anayenyonyesha.

La pili ni saumu. Si kila mgonjwa wa moyo anaweza kufunga, na aliyekatazwa ana ruhusa ya Mola wake. Aliyeruhusiwa apange dawa na daktari kabla ya Shaabani kwisha. Warfarini, ambayo ni mara moja kwa siku, yaweza kumezwa jioni baada ya futari. Apiksabani, ambayo ni mara mbili, huangukia futari na daku. Rivaroksabani sharti iandamane na chakula, kwa hiyo mahali pake ni kwenye futari. Na kwa kuwa mlo wa Ramadhani hubadilika, mwenye kutumia warfarini apime damu katika juma la kwanza.

Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono

Wengi wenye mpapatiko hawajijui, na njia ya kwanza ya kuushuku haina gharama. Mtu aketi apumzike kwa dakika chache. Weka ncha za vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba, na uhesabu kwa dakika moja nzima. Mapigo ya kawaida hufuatana kama mtwangio wa mtu mmoja kinuni. Mapigo ya moyo unaopapatika huja kama matone ya mwanzo ya mvua juu ya bati: mawili upesi, kimya, moja, kisha matatu. Ukiona hivyo, mpeleke apimwe umeme wa moyo, kipimo kisichouma na cha dakika chache. Vidole vyako havithibitishi ugonjwa, lakini vinaweza kumfikisha mtu kwa anayeweza kuuthibitisha. Anzeni na walio na miaka zaidi ya 65, wenye shinikizo la damu, wenye kisukari, na yeyote aliyevimba viungo kwa homa utotoni.

Kikitokea

Asubuhi ile majirani walisema ni upepo mbaya. Alisomewa, akapakwa mafuta, akalazwa. Alifika hospitali adhuhuri. Dawa ya kuyeyusha donge, pale ipatikanapo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya kupigwa picha ya kichwa. Muda huo ulikuwa umekwisha.

Basi tukumbuke: uso ukipinda upande mmoja, mkono ukishuka, usemi ukivurugika, tazama saa na ondoka. Usimpe chakula, maji wala asprini, kwa maana huenda hawezi kumeza, na huenda kiharusi chake ni cha kuvuja damu. Mchukue na vidonge vyake. Mweleze daktari anatumia dawa gani na dalili zilianza saa ngapi. Katika vichochoro ambamo gari haliingii, nyumba ijue mapema ni njia ipi inayofika barabarani na ni kijana gani mwenye mkokoteni. Kisomo hakizuiliwi; msomeeni mkiwa njiani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kisha ndipo ategemee.

Mkwe wetu amerudi kwenye warfarini. Binti yake mwenye miaka 13 amechora kalenda ukutani, na kila usiku baada ya Isha hutia alama mama yake akishameza. Mume huweka nauli ya kipimo kwenye kopo kabla ya kulipa kodi ya chumba. Jirani yule wa sumu ya panya ndiye anayemwangalia mtoto mdogo siku ya kliniki. Nilipoaga, binti aliniomba mkono, akaweka vidole viwili chini ya kidole gumba changu, akanyamaza akihesabu.

"Yako yanafuatana, bibi," akasema.

Mola awape wagonjwa wetu shifaa. Tukutane juma lijalo, insha'Allah.